Faulo Mbili za Verlin Stuckwisch

Sogeeni, enyi mlioketi mbali, zimeni simu zenu mtege masikio, maana nitawasimulia jambo zito lililotukia huku kwetu Indiana Ijumaa moja ya theluji, vita vilivyodumu dakika tatu nzima visimwage damu hata tone.

Alikuwapo Verlin Stuckwisch, fundi wa mabasi ya shule yetu, mwamuzi aliyebeba filimbi kwa miaka ishirini na sita, simba wa goti bovu. Mwenzake alikuwa Loretta Hoppes, malkia wa macho makali, ambaye Jumamosi huchezesha mpira wa kikapu wa wanawake vyuoni, na Ijumaa hujishusha kuja kuwachezesha vijana wetu wa sekondari.

Zilisalia sekunde arobaini na moja, sisi Pell Creek tukiongoza kwa pointi moja. Deshler, mshambuliaji wa wageni wetu Tarvin, akaja na mpira kama fahali aliyevunja zizi. Obermeyer, beki wetu, akamkinga kwa kifua. Wakaanguka kwa kishindo. Filimbi mbili zikalia. Verlin akaweka kiganja kisogoni: kosa la mshambuliaji! Papo hapo Loretta akashika kiuno: kosa la beki!

Ukumbi ukalipuka. Kila mmoja wa vijana wale alikuwa na faulo nne, na ya tano humtoa mchezaji nje.

Waamuzi wakakutana katikati ya uwanja.

"Verlin, futa ya kwangu," Loretta akanong'ona. "Vyuoni tunashauriana, tunachagua moja, yanaisha."

"Hapa si chuoni, mama. Tumeshaonyesha zote, na watu wameona. Kitabu cha sheria za sekondari kinasema zote mbili zinahesabiwa."

"Lakini hapa ni kwenu! Watakutafuna mbichi wewe."

"Najua. Mke wangu yuko safu ya tatu."

Ee mbingu, jaribu gani hilo! Angeifuta ya Loretta tu, angenunuliwa kahawa mjini mpaka Pasaka. Hata hivyo akaiendea meza ya alama kama jemadari aendaye kukabidhi upanga wake, akanyoosha mikono pande zote, ngumi zimekunjwa, akanena kwa sauti kuu:

"Faulo ya pande mbili! Wote wawili nje! Mpira wanaanza Tarvin, ndio waliokuwa nao!"

"Verlin, umelewa?" akafoka kocha wetu.

"Mzee, kanunue miwani!" akadakia kocha wa Tarvin.

Kikombe cha soda kikaruka kutoka safu ya tatu.

Tarvin wakarusha, mpira ukagonga chuma ukatoka. Tukashinda, lakini hasira haikupoa.

Basi na iandikwe: jioni ile watu wa Pell Creek na wa Tarvin, wasioafikiana tangu reli ijengwe, walisimama pamoja kwenye theluji mlangoni, wakapeana hata sigara, wakikubaliana neno moja, kwamba Verlin Stuckwisch ni kipofu. Nitajieni mfalme aliyeleta amani kama hiyo kwa filimbi.