Vikombe vya Kuazima Mbotela

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Nimepata! Kampuni ya Shirleen inaandaa mkutano mkubwa mjini kuhusu mazingira, na Ijumaa wajumbe watatembezwa mitaani. Utalii usioacha takataka, ndivyo anavyouita. Anatafuta mwenyeji wa chai, na Ijumaa hii atanijaribu mimi. Akiridhika, wageni wa mikutano yake yote watakuwa wangu. Gitonga wa Donholm naye anaitaka kazi hiyo. Ana mahema, ana viti, na kiburi cha kuuza. Lakini vikombe vyake ni vya plastiki, vya kutumia na kutupa, na Shirleen hataki plastiki hata kuisikia. Leo nalala nikitabasamu.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimepita nyumba hadi nyumba nikiazima vikombe vya bati. Ndivyo tulivyoishi hapa Mbotela tangu zamani. Kukiwa na harusi au matanga, kila nyumba inatoa vikombe, na kila mama ana alama yake chini ya kikombe ili visipotee. Mama Kui, jirani wa ukuta mmoja, huweka nukta ya kijani. Mama yangu, Mungu amrehemu, alichora msalaba kwa rangi ya kucha. Kucha zake mwenyewe hakuzipaka hata siku moja, chupa ile ilikuwa ya vikombe. Kimebaki kimoja tu kabatini. Nimekishika mpaka uji ukaungua jikoni. Nimemkumbuka sana.

Alhamisi, 9 Oktoba
Meza imejaa vikombe. Lakini hizo alama! Nukta, mistari, herufi, rangi za kila aina. Utadhani vimeokotwa. Wageni wa kimataifa wanataka usafi. Nimenunua thina ya mafundi wa rangi, nikavisugua vyote, hadi cha Mama. Vinameta! Mama Kui alichungulia dirishani akauliza kulikoni. Nikamwambia atulie, haya ni mambo ya kitaalamu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Aibu! Chai ilinuka kama gereji. Mjumbe mmoja alikohoa hadi akapigwa mgongoni. Hilo lingepita. Kumbe Shirleen alikuwa amewasimulia njiani habari za vikombe vya kuazimana, kwamba hakuna kinachonunuliwa wala kutupwa. Akageuza kimoja awaonyeshe alama. Akageuza kingine. Akaniuliza, kwa upole unaouma, alama ziko wapi. Nikajibu tumezisafisha kwa heshima yao. Basi lao likaondoka mapema. Nasikia Gitonga ameshapigiwa simu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Wamama wamekuja kuchukua vyombo. Vyote vinafanana! Jirani Lorine akashika kimoja, mwenzake akakivuta. Kelele tupu. Mimi nilikuwa sakafuni nikigeuza kila kikombe, natafuta cha Mama. Ni mimi niliyemfuta. Mama Kui akainama. Nilingoja matusi.

“Luseno, acha. Kila mtu abebe idadi aliyoleta. Cha mama yako kitakuwa kwa mmoja wetu. Ukija, utakinywea.”

Nililia mbele yao wote. Wakaketi. Chai mpya nayo ikanuka thina, wakacheka, wakainywa hivyo hivyo. Wakakumbuka ua wa michongoma, foleni ya mfereji wa pamoja, na Mama akigombana na mtu asubuhi kisha kumpa sukari jioni. Laiti jioni hii isingekwisha. Sasa nikinywa chai nyumba yoyote hapa, huenda nimeshika cha Mama.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimeamka na wazo! Kwa nini wageni wanywe chai tu waende? Walale! Hakuna hoteli, hakuna mahema, ni mablanketi ya kuazima nyumba hadi nyumba. Gitonga atajua hajui! Mama Kui ameshanipa la kwanza, japo alisitasita mlangoni. Blanketi zito, safi kabisa. Ila pembeni ameshona jina lake kwa uzi wa manjano. Litaharibu picha. Nimepata wembe, nalifumua.