Chachu Kwenye Kabati la Joto

Jumatatu, 13 Oktoba

Mwezi wa nne wa mwaka wangu wa kazi. Chuo kimetutoa darasani mwaka mzima tukaonje biolojia ya viwandani, nami nimeangukia maabara ya kiwanda cha bia, hapa Yorkshire. Raha tupu, kama si Gethin. Naye mwanafunzi wa biolojia, mtu wa Wales, anawahi kazini na kuimba akiosha chupa. Mnafiki! Leo Moira, mkuu wa maabara, katwambia kiwanda kitaajiri mmoja wetu tukihitimu. Mmoja tu, na yeye ndiye atakayempendekeza. Lazima niwe mimi. Mama ameshawatangazia majirani.

Kisha Moira akalalamika kuwa mkate wa dukani siku hizi ni sifongo. Wazo likanijia papo hapo: nitamwokea wangu.

Jumanne, 14 Oktoba

Chachu ya mkate, unga na maji nilivyoacha vichachuke vyenyewe bila hamira ya dukani, imegoma kuumuka. Chumba changu kina baridi ya kaburini. Bi. Ackroyd, mwenye nyumba, hawashi joto kabla ya Novemba. Nilipomlilia akasema nivae sweta, marehemu mumewe alivaa mbili na hakulalamika.

Nani ana joto la bure usiku na mchana? Maabara! Nimeificha chachu chini kabisa ya kabati la joto, nyuma ya visahani tunavyooteshea hamira ya kiwanda. Tangazo ukutani linakataza kuleta hamira ya nje, lakini hilo ni la watu wanaopika pombe nyumbani. Mimi napika mkate.

Jumatano, 15 Oktoba

Imeumuka! Imesukuma kifuniko, imemwagika rafu nzima ya chini. Nikapangusa kwa mkono wa koti jeupe, kisha nikaendelea na kazi na koti hilohilo. Hakuna aliyeona. Gethin kauliza mbona nanukia siki. Nikamwambia ashughulike na pua yake.

Ijumaa, 17 Oktoba

Asubuhi. Moira kala mkate wangu, kaomba kipande kingine, kaniita kipenzi. Humwita hivyo kila mtu, hata dereva wa lori la shayiri, lakini leo lilitoka moyoni. Kazi ni yangu!

Mchana. Balaa! Visahani vimeota ukungu na vidoa vya kila rangi. Moira kauliza nani kaleta humu hamira ya mwituni, ile inayojiotea yenyewe. Hakusema kipenzi. Nikakohoa, nikasema sipendi kutaja watu, ila huko Wales wanapenda sana kupika pombe majumbani. Gethin akacheka mpaka akashika meza: "We Crispin, acha masihara! Mimi hata bia yenyewe sinywi, bibi yangu, mtu wa kanisa, angenichapa."

Visahani vyake ndivyo pekee vilivyokuwa safi. Huvifunga kwenye mfuko, kila siku, kama mshamba. Moira akatazama unga uliogandia kwenye mkono wa koti langu. Akatazama kipande cha mkate mkononi mwake. Akakiweka chini polepole. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatano, 22 Oktoba

Kazi kapewa Gethin. Nimelia chooni, nakiri. Mimi nimepewa brashi nisugue maabara nzima, kisha niandike ripoti ya jinsi uchafu ulivyosambaa, la sivyo Dokta Pemberton wa chuoni ananirudisha mwaka. Gethin kanishika bega, kasema pole sana, ndugu yangu, na mkate ulikuwa mtamu kweli. Kejeli hizo!

Ijumaa, 24 Oktoba

Ushindi! Dokta Pemberton kasoma ripoti, kavua miwani, kasema hajapata kuona mwanafunzi anayeujua uchafu kwa undani namna hii. Nimepita. Mtaalamu ni mtaalamu tu.

Na Gethin hasaini mkataba mpaka wiki ijayo! Leo wakati wa chai Moira kasema ana hamu ya uyoga mbichi. Mbegu nimeshaagiza. Nyuma ya friji ya maabara pana giza na unyevunyevu safi kabisa, na hakuna tangazo lolote linalokataza uyoga.