Nusu ya Wimbo Iliyokwenda Nyotani

Jumatatu, 4 Agosti

Kwa hiyo jibu ni nyatiti. Si kwaya, si bendi, wala si ule muziki wa Machibya, mkodisha maspika. Nyatiti! Limenijia leo nikiwa juu ya ngazi hapa Mkolani, naandika kibao cha saluni. Kwa furaha nikaachia brashi. Ikatua kwenye shati la mwenye saluni.

Mwalimu Nathaniel alitangaza jana baada ya ibada. Ni mstaafu wa fizikia, anakaa Buhongwa, na nyuma ya nyumba yake kuna dishi kubwa alilolitengeneza mwenyewe kwa miaka minne. Jumamosi ya tarehe 16 atarusha muziki kwenda kwenye nyota moja. Dakika tatu tu. Alisema kurusha anajua, cha kurusha hajui, tuchague sisi. Akasema pia, bila kuficha, kwamba dishi lake ni dogo na huenda huko hakuna mtu. Watu wakaguna. Mimi nikapenda. Kumpigia hodi mtu usiyejua kama yupo! Ndivyo nilivyomchumbia Ajwang.

Ajwang wangu. Leo ni siku ya hamsini na moja ya ndoa. Akichemsha chai, nasimama mlangoni namtazama kana kwamba chai imevumbuliwa leo. Ana kasoro moja, nayo si yake: ana huzuni. Baba yake, Mzee Okal wa Shirati, hajazungumza naye vizuri tangu harusi. Akimpigia, mzee anasema yupo, ni mzima, kisha anampa mtu mwingine simu.

Sababu naijua. Machibya! Siku ya harusi mzee alipiga nyatiti, lile zeze la nyuzi nane la Wajaluo, akimwimbia binti yake wimbo aliomtungia. Hakumaliza. Ngoma za wajomba zangu zikamfunika kupitia maspika ya Machibya. Mzee akaitia nyatiti kwenye gunia lake akaondoka kabla ya chakula. Ajwang alikuwa ndani akibadilisha gauni. Hakusikia hata mstari mmoja.

Wimbo ninao kwenye simu. Nitaurusha nyotani! Ni mkwe gani mwingine Kanda ya Ziwa nzima amewahi kufanyiwa hivyo? Atasamehe yote. Ajwang sijamwambia. Zawadi haitangazwi.

Jumatano, 6 Agosti

Machibya naye anazitaka zile dakika tatu. Ana muziki aliouchanganya mwenyewe, na kila baada ya muda mfupi sauti yake inanguruma: "Machibya, baba wa spika!" Nilimwambia viumbe wa huko watadhani hilo ndilo jina la dunia. Akajibu kwamba dunia haijawahi kupata jina zuri hivyo. Akauliza hiyo nyatiti yangu ina besi gani. Nikasema ina pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu cha baba mkwe, anayoigongea mdundo. Akacheka mpaka akakaa chini.

Leo nimejaribu kuusikiliza wimbo. Sivuki dakika ya kwanza. Machozi! Namwona Ajwang wangu na maua kichwani. Nazima simu, naenda jikoni, namshika mkono. Ananiuliza nimevunja nini.

Tulipokuwa tunamenya viazi nilimuuliza, kwa ujanja, kama ingekuwa yeye angerusha nini. Alimenya kiazi kizima, maganda yakimwangukia miguuni. Akasema angerusha kitu ambacho mtu wa mbali akikisikia atajua kwamba huku, mmoja alipokuwa anaimba, mwingine alikuwa anasikiliza.

Sikuelewa. Nikambusu.

Jumamosi, 9 Agosti

Ushindi!

Mwalimu aliamua tuchague Kisukuma, kama Wagika na Wagalu, vile vyama viwili vya ngoma, wanavyoshindana baada ya mavuno: kila ngoma upande wake wa uwanja, zote wakati mmoja, na yenye watazamaji wengi ndiyo bingwa. Hakuna jaji. Miguu ya watu ndiyo kura. Dakika moja tu, kwa sababu nyumba ya jirani ina mgonjwa.

Machibya alileta maspika manne, kila moja na urefu wa mlango. Mimi nilikuwa na kispika cha ukubwa wa kopo la maziwa. Lakini kwetu kila mcheza ngoma wa maana ana dawa yake ya kuvuta watu. Nami nilikuwa na yangu: Mama Aloo na karai lake la sato wa kukaanga, bure kwa wote, nyuma ya kispika changu.

Walihama kama nzige! Hata kijana aliyeshika nyaya za Machibya alihama. Mwalimu alihesabu watu mia moja na kumi na wawili kwangu, tisa kwa Machibya, na mmoja wa hao tisa alikuwa Machibya mwenyewe. Alipiga kelele kwamba samaki si muziki. Nikamwambia aniletee Mgika mmoja tu aliyewahi kuonyesha dawa yake hadharani.

Ila jambo moja linanirudia. Watu wote walikuwa wanatafuna. Mama Aloo peke yake, mwiko mkononi, alifumba macho. Dakika ilipokwisha aliniuliza mbona nimekata. Akasema mzee bado anafagia njia, hajafika kwa mtu yeyote. Nilimwambia kilichobaki kitasikika nyotani. Akanitazama. Akanitazama mpaka sato mmoja akaungua.

Jumanne, 12 Agosti

Nimempigia shemeji Odongo, kaka yake Ajwang, aliyeko Shirati kwa mzee. Mpango: Jumamosi saa kumi jioni akae karibu na baba yake, simu ikiwa imefunguliwa sauti, bila kumwambia ni nini. Mzee ausikie wimbo wake ukiondoka duniani! Odongo aliuliza mara tatu kama nimeusikiliza wote. Nilisema zawadi hailambwi kabla ya kutolewa. Akasema haya, shemeji, kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha kabla ya mvua.

Leo nimewaza sana juu ya umbali. Mwalimu anasema wimbo utafika baada ya miaka ishirini na mitano. Nitakuwa na miaka hamsini na minne. Ajwang atakuwa mzuri zaidi. Mzee Okal huenda hatakuwepo, na siku hiyohiyo, huko mbali, atakuwa ndiyo kwanza anakaa kwenye kigoda chake na kugusa uzi wa kwanza. Nilibaki juu ya ngazi nikiliwaza hilo. Rangi ikakauka kwenye brashi. Kuna mtu Mkolani ana kibao kinachosema DUKA LA.

Jumamosi, 16 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Tulijaa uani kwa Mwalimu. Jua kali. Watu walilalamika kwamba hawaoni nyota. Mwalimu alisema ipo palepale, kaskazini mashariki, juu kidogo ya mawe. Ila jua liko karibu na linang'aa, kwa hiyo hatuioni iliyo mbali. Nikamminya Ajwang mkono. Nikamnong'oneza kwamba hii ndiyo zawadi yake. Simu mfukoni, Shirati wako hewani.

Nyatiti ikaanza. Ajwang aliitambua kwa uzi wa pili. Akafunika mdomo kwa kiganja. Dakika moja ikapita. Alikuwa analia vizuri kabisa, kama nilivyopanga. Halafu sauti ya mwanamume ikamkatiza mzee:

"Simama hapo! Ni mimi Masalu, simba wa Mkolani, mume wa Ajwang, rangi isiyofutika!"

Sauti yangu! Nikavimba kifua. Nilikumbuka: siku ile wageni wa Shirati waliinuka mmoja mmoja, wakamsimamisha mpigaji, wakajisifu, watu wakashangilia. Nami nikainuka. Niligeuka ili watu wa uani waone ndiye huyu.

Kisha sauti ileile ikaendelea: "Asante, mzee, umechoka, kapumzike sasa. Machibya, leta ngoma!"

Na ngoma zikaja. Za wajomba zangu. Mpaka dakika ya tatu.

Machibya alinyanyua mikono juu kama mtu aliyeachiwa na mahakama. Nilimwomba Mwalimu aurudishe. Alisema kwa upole kwamba umeshaupita mwezi, na duniani hakuna kitu cha kuukimbiza. Basi nikamwomba arushe mwingine wa kuomba radhi. Akasema nao utakwenda, lakini utabaki nyuma ya ule wa kwanza, umbali uleule, milele.

Ajwang alitoa simu mfukoni mwangu. Baba yake alikuwa bado hewani. Alisema kwa Kiswahili, ili nami nisikie:

"Hata huko, binti yangu, sikumaliza."

Jumapili, 17 Agosti

Chai leo nilijichemshia mwenyewe. Haikuwa na ladha ya chai.

Baada ya ibada Ajwang alinikalisha akanieleza, taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni njia. Kwao kumsimamisha mpigaji si kosa. Ni heshima. Anayemsimamisha hujisifu, humtunza, kisha humrudishia wimbo wake, naye anaendelea pale alipoishia. Lazima umrudishie. Mimi nilimsimamisha nikaondoka nao.

Halafu akasema lililoniuma zaidi. Baba yake huanza na mababu, hupita kwa wajomba, na jina la mwenye sherehe huliweka mwishoni kabisa. Siku ile alikuwa bado kwa mababu. Jina la Ajwang limo kwenye nusu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia. Langu pia, huenda. Miezi miwili mzee amekaa nayo kifuani.

Nilipiga magoti nikaomba msamaha. Nilipiga magoti kwenye kikapu cha nyanya. Ajwang alijizuia, akashindwa, akacheka. Niliandike hili vizuri: alicheka! Kisha akampigia baba yake. Walizungumza kwa muda mrefu, mara ya kwanza tangu harusi. Alimwomba amwimbie ile sehemu iliyobaki. Mzee alikataa. Alisema simu haina macho. Mje wawili, mkae chini, msikilize mpaka mwisho. Kisha akarudia: wawili.

Jumanne, 19 Agosti

Mimi ni mtu mpya. Nimeelewa kila kitu. Kusikiliza ndiyo mapenzi yenyewe! Nimeyaandika maneno hayo kwa rangi nyekundu juu ya kitanda chetu. Ajwang anasema ukuta ni wa mwenye nyumba.

Yeye amepanga twende kwa basi kutoka Buzuruga, viti viwili, Jumamosi ya tarehe 30. Kipenzi changu! Anawaza kidogo sana. Hajui kwamba nimepata lori. Wajomba watakuja na ngoma sita, za kumwomba mzee radhi kwa zile za kwanza. Nimepatana na Machibya: maspika mawili tu, kwa heshima ya mahali, na jina lake asilitaje zaidi ya mara tano. Mwalimu Nathaniel atakuja na kinasa sauti, ili nusu ya pili tuirushe iifuate ile ya kwanza. Mama Aloo atakuja na karai, watazamaji wasije wakapungua. Jumla tuko kumi na saba. Lakini mzee alisema wawili, na neno la mkwe ni amri: mbele kabisa tutakaa wawili, mimi na Ajwang.

Sijamwambia. Zawadi haitangazwi.

Na mzee atakapolifikia jina la Ajwang, hapo hapo kwenye utamu, nitainuka na kumsimamisha. Safari hii nina sifa za dakika nne, nimezikariri nikiwa juu ya ngazi. Usiwe na wasiwasi, baba mkwe. Nitakurudishia wimbo wako. Nitajiandikia kiganjani kwa rangi ya mafuta nisisahau. Shikamoo. Kabla mwezi huu haujaisha, tutakuwa uani kwako.