Sabuni ya Wilkister

Ekisa alifika kwenye benchi la chai la Mama Alupo, pale Malaba mpakani, mashavu yamemvimba kwa habari. Hakuitwa Gazeti bure. Mwaka huo wa sabini na sita hakuna neno lililovuka mpaka bila kupitia mdomoni mwake.

"Chifu amesoma barua kwa baraza! Bwana Maji amepima maji ya mfereji. Anasema ni safi, lakini imejaa chokaa. Inatoka kwa mawe huko chini."

"Chokaa?" Josphat, dereva wa lori aliyeitwa Breki, aliweka kikombe chini. "Ile ya kupaka nyumba?"

"Hiyo hiyo."

"Na mimi nakunywa tangu Pasaka! Kumbe tumbo yangu iko nyeupe ndani kama ofisi ya D.O."

"Afadhali tumbo yako," alisema Mama Alupo. Akainua birika lake kwa mikono miwili, akalifunua. Ndani mlikuwa na ukoko mweupe mnene kama ukuta wa kanisa. "Hii ilikuwa ya vikombe kumi. Sasa inaingia sita tu. Nikigonga ukoko, birika inatoboka. Na maharagwe yangu imechemka tangu jana asubuhi. Bado inapiga sufuria kama mvua ya mawe."

"Radieta yangu pia imeziba," alisema Breki. "Fundi ametoa mawe ya kujenga choo."

"Choo ya watu wangapi?"

"Ya familia!"

Wote walicheka isipokuwa Osukuku. Karani huyu wa fomu za forodha alikaa pembeni, kola imekakamaa hadi akigeuza shingo inamkwaruza. Mkewe, Wilkister, alikuwa kwao Namboboto siku ya nne sasa, na benchi zima lilijua kwa nini. Osukuku alinunua mche wa sabuni Jumatatu, Jumatano haupo. Na Malaba siku hizo, sabuni ikipotea hukuitafuta kwenye karai. Uliitafuta ng'ambo, kwa Waganda, ambako ilikuwa adimu kuliko dawa na bei yake juu. Basi akamfokea mkewe hadi majirani wakatoka nje: "Mwanamke gani anamaliza mche mzima kwa siku mbili?"

Wilkister akasema imeisha kwa kufua. Osukuku akamwita mtu wa magendo. Wilkister akafunga nguo zake kwa leso na kuondoka bila kugeuka.

"Gazeti," Osukuku aliuliza taratibu, "hiyo barua imesema nini juu ya sabuni?"

"Sabuni ndiyo chakula yake! Hiyo maji inakula sabuni kwanza. Ikishiba ndiyo inatoa povu. Na haishibi haraka."

Osukuku alishika kichwa. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. "Nimemfukuza mtu wa watu bure."

"Enda umlete leo," alisema Breki. "Lakini ukweni huendi mikono mitupu. Ukibeba sukari, baba yake atauliza nani aliomba chai. Beba sabuni, miche mbili. Wataelewa bila wewe kuhutubu."

Osukuku akakimbia dukani. Alirudi na miche miwili chini ya koti, maana Malaba hakuna aliyebeba sabuni waziwazi. Alikuwa ndiyo kwanza anaaga wenzake, mara Koplo Mutua, askari wa mpakani, akatokea upande wa kizuizi, akasimama, akalitazama lile koti.

"Karani, koti yako imeshika mimba?"

"Ni sabuni, Afande. Ya bibi yangu."

"Miche mbili! Mwanamke gani anamaliza miche mbili?"

Osukuku alisikia maneno yake mwenyewe yakimpiga kofi.

"Inaisha kwa kufua, Afande. Ni hii maji."

"Kila mtu wa magendo ananiambia yeye anafua. Mashahidi wako?"

Hapo Breki akakumbuka lori lake, ambalo chini ya kiti mlikuwa na vitu visivyopenda askari. Gazeti akakumbuka mgonjwa wa kutembelea hospitali ya Nangina. Kufumba na kufumbua benchi likawa tupu. Alibaki Mama Alupo peke yake, kwa sababu birika lilikuwa zito mno kukimbia nalo.

"Afande, si afue hapa hapa tuone?" alisema.

Koplo akafikiri. Akaketi, akavua viatu, akavuta soksi zake ndefu za kazi, zilizokuwa na vumbi la wiki nzima. Mama Alupo akaleta karai la maji ya mfereji.

"Fua."

Osukuku akafua. Alisugua soksi ya kwanza hadi mabega yakauma. Maji yakawa meupe na mazito kama uji, povu hakuna. Mche wa kwanza ukaisha. Akaanza wa pili kwenye soksi nyingine, akaongeza aproni ya Mama Alupo. Uliposalia ukubwa wa kidole, povu kidogo likachungulia ukingoni mwa karai, likafa.

Koplo alikamua soksi zake na kuzianika juani. Hazikuchukua muda kukauka, na zilipokauka zilisimama zenyewe. Alizitazama sana.

"Nimeamini," alisema. "Bibi yako hana makosa. Enda umchukue."

Osukuku alitazama viganja vyake vilivyopauka na kupasuka. "Nitaenda na nini, Afande? Hiyo sabuni ilikuwa ya kuomba msamaha."

"Mwambie imeisha kwa kufua."

"Hiyo ndiyo yeye aliniambia."

Koplo alivuta viatu vyake karibu. Alianza kupambana na soksi zake, ambazo zilikataa kukunjika. Mama Alupo akamwaga lile karai mtaroni.

"Mwambie hivyo hivyo," alisema. "Na useme kwa sauti, majirani wasikie."