Ombi la Kumrudisha Mhandisi Job Visimani Pamoja na Povu Lake

Nyumba ya geti la bluu,
Gumbo, ng'ambo ya daraja,
Juba

Kwa Mhandisi Kuol,
Mkuu wa Mradi wa Povu, Visima vya Kaskazini

Mheshimiwa Bwana Kuol,

KUH: MUME WANGU KURUDI KAZINI UPESI IWEZEKANAVYO

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba maji yamepungua huko na kwamba wote kambini ni wazima. Mimi ni Bilha, mke wa Job, yule Mkenya mrefu ambaye mafuriko yalipofunga barabara ulimwambia, "Nenda Juba ukapumzike na familia yako." Najua ulisema hivyo kwa nia njema. Naandika kukueleza yaliyotupata kutokana na nia hiyo.

Miaka yote ya ndoa yetu Job amekuwa mtu wa visimani. Anakuja, anakula, analala, anaondoka. Tumezoea. Safari hii amekuja na povu.

Usidhani siielewi kazi yenu. Naielewa kupita kiasi. Kisima kikishatoa mafuta yaliyo tayari kutoka, mengi hubaki chini yameng'ang'ania kwenye vijitundu vya mwamba. Mkipuliza gesi iyasukume, gesi ni mvivu: inapita kwenye nyufa kubwa na kutokea upande wa pili mikono mitupu. Basi mnatia povu. Povu linaziba nyufa kubwa, gesi inakosa njia rahisi, inalazimika kuingia kwenye vijitundu, na mafuta yanatoka. Nimeelezwa haya mezani, sebuleni, na kanisani wakati wa sadaka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jiko. Job alichukua mtungi wangu wa kioo, akaujaza mchanga wa mto, akamimina humo mafuta yangu ya kupikia, kisha akayasukuma kwa povu la sabuni ya vyombo. Alipoyapata tena karibu yote, alishangilia kama mtu aliyepata mtoto. Nikamwambia, "Baba Pearl, hayo mafuta yalikuwa kwenye chupa. Hayakuwa yamepotea." Akasema sijaelewa. Aliyarudisha kwenye chupa, nami nikayakaangia mandazi bila kujua, siku mchungaji alipotutembelea. Mchungaji alikula mawili, akafungua mdomo kutuombea, na kilichotoka kwanza kilikuwa kipovu. Kilielea mpaka kwenye pazia. Sote tulikitazama. Akasema amina kabla ya kuomba.

2. Jirani. Natalina, aliyerudi kutoka Uganda, hukaanga samaki kando ya barabara ya Nimule. Pipa lake la mafuta lilipinduka, mafuta yakazama ardhini nyuma ya kibanda. Mtu mwingine angempa pole. Job alimpa povu. Aliazima mashine ya upepo kwa mtu wa kuziba pancha, akachomeka bomba ardhini, akafungulia. Mafuta hayakutoka. Povu lilipata mashimo ya panya, na panya wa Gumbo, Bwana Kuol, wamechimba mbali. Liliibuka kanisani katikati ya mazoezi ya kwaya. Sauti ya pili ilikimbia. Sauti ya kwanza ilipiga magoti. Liliibuka pia barabarani, malori yaliyokuwa yakitoka Nesitu yakasimama, na dereva mmoja akashuka akaanza kuosha gari lake. Natalina alinijia mikono kiunoni.

"Mama Pearl," akasema, "mzee yako iko na akili mingi. Lakini samaki yangu sasa inanuka sabuni. Mtu ananunua, halafu anauliza mimi kama hii ni ya kula ama ya kuoga."

Ningevumilia, ila Natalina si jirani tu. Ni shangazi wa Laku, mwalimu anayetaka kumwoa binti yetu Pearl.

3. Posa. Wazee wa Laku walikuja wamevaa vizuri, Natalina akiwa nao, na mimi nimepika tangu alfajiri. Job akaketi mbele yao, mikono bado inanuka sabuni, akamuuliza kijana, "Kwa nini unamtaka binti yangu?"

"Nampenda, mzee."

"Hiyo ni njia rahisi. Naiziba. Sema lingine."

"Ana tabia nzuri."

"Naziba."

"Anamcha Mungu."

"Hapo hupita kila mtu. Naziba."

Wazee wakatazamana. Natalina akaanza kukohoa. Nilimkanyaga Job mguu chini ya meza. Kumbe mguu ulikuwa wa mjomba wa Laku, ambaye kwa adabu aliurudisha chini ya kiti chake. Laku alipangusa jasho, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, mimi naogopa. Pearl amepata nafasi ya kusomea udaktari Nairobi. Nikimwoa sasa, labda hataenda. Ndiyo maana nina haraka."

Bwana Kuol, maneno kama hayo hayasemwi kwenye posa! Pearl alitoka jikoni na trei ya soda, nikadhani atamrushia. Akaiweka chini, akaketi karibu naye, akasema, "Kumbe ulijua. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kukuambia." Sasa harusi imesogezwa mpaka amalize masomo, wote wawili wanatembea wakicheka, na Natalina anatangaza barabarani kwamba Baba Pearl ni mtu ya maana. Mimi nilikuwa nimeshaagiza hema.

4. Mimi mwenyewe. Hili naliandika kwa aibu. Jumapili moja mchana nilikuwa naosha vyombo. Job akasimama kando yangu, akachukua kitambaa, akauliza, "Bilha, kukaa hapa peke yako kulikuwaje?" Nikamjibu kama ninavyomjibu kwenye simu: tuko salama, Mungu ni mwema. Akaziba. Nikasema kazi yangu ya benki inaendelea vizuri. Akaziba. Nikasema mvua ilikuwa nyingi. Alikausha sahani ileile mpaka nikadhani itatoboka. Basi nikamwambia juu ya mazishi ya mama yangu, jinsi nilivyosafiri peke yangu mpaka Kisii, na kila aliyeniuliza nikamwambia mume wangu yuko njiani. Mpaka tunafukia kaburi, nilikuwa bado nasema yuko njiani. Nililia mbele ya sinki langu mwenyewe, mchana kweupe. Na yeye hakuniambia ninyamaze, wala hakunieleza chochote kuhusu mwamba. Aliweka sahani chini, akanisikiliza.

Unaona mwenyewe tulipofikia. Mimi niliyeiendesha nyumba hii kwa utulivu, sasa naulizwa nimeamkaje, na nikisema salama, naulizwa tena. Mchungaji amemwomba Job azungumze na wazee wa kanisa. Wazee wameanza kutorokea mlango wa nyuma. Jambo hili likiachwa litafika maofisini. Mwananchi ataambiwa "njoo kesho," ataziba. Ataambiwa "mkubwa yuko mkutanoni," ataziba. Serikali nzima itasimama ikitafuta jibu la kweli, na sote tunajua halipo karibu.

Kwa hiyo naomba, kwanza, Job arudishwe bila kungoja barabara, mtumbwi unatosha. Pili, apewe kisima kigumu kuliko vyote, kisichojibu kitu, amalizie maswali yake huko. Tatu, mhandisi yeyote anayekwenda likizo apekuliwe sabuni getini.

Nisalimie wapishi wa kambi, walinzi, na yule fundi ambaye kila nikipiga simu namsikia akikoroma. Waambie Gumbo tunawakumbuka kwa mema, wakiwa huko huko.

Mimi ninayeliangalia geti nikingoja gari lako,
Bilha

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha dereva wako akabisha hodi. Anasema barabara imefunguka na ametumwa kumchukua Job. Job yuko uani, povu mpaka kwenye viwiko, anamwonyesha Natalina kitu. Nimesimama nimeuegemea mlango wa uani asimwone, nimemwambia dereva kwamba hapa hakai Job yeyote, na kwamba mhandisi anayemtafuta amehamia Hai Jalaba, avuke daraja aulize mbele. Amesema, "Mafi mushkila, mama," hakuna shida. Sasa anamaliza chai niliyompa. Ni mtu mwenye adabu. Akirudi bila abiria, tafadhali usimkemee. Ameiona barua hii mkononi mwangu, ina jina lako juu, na anasubiri nimpe. Nitampa. Nakuomba sana usiisome.