Hedifoni Mbichi

Bwana Pole alikuwa ameegemea nguzo mbele ya duka la vyombo vya muziki, akichokonoa meno ambayo hayakuwa yamekula kitu, alipoona kioja kupitia kioo. Muuzaji mtu mzima, mwenye tai, alikuwa amesimama mbele ya mama mmoja, akilia kama mtoto mchanga. Mdomo wazi, macho yamefumbwa, mishipa ya shingo imemtoka. Mama mwenyewe alikuwa amevaa hedifoni kubwa nyeusi zilizofunika masikio yote, na anatabasamu.

Mama yule alikuwa mkunga, amestaafu juzijuzi, na hizi zilikuwa hedifoni zake za kwanza. Alikuwa amezijaribu zote. Zile zilizo wazi mgongoni, ambazo muuzaji alizisifu kwamba zinapumua, alizirudisha rafuni: kinachopumua kinapitisha kelele, na kelele alishazisikia za kutosha maisha mawili. Nyingine zilimbana kichwa. Hizi nyeusi, zilizozibwa pande zote, zilimkaa vizuri. Ndipo akamwomba muuzaji amlilie. Alipoona mdomo unapanuka na yeye hasikii kitu ila muziki wake, akafungua mkoba akalipa.

Riziki kama ajali, huitambui ijapo, walisema wahenga. Wahenga hawakuwahi kushinda nje ya duka lile. Bwana Pole akatupa kijiti, akanyoosha kola, akamfuata.

Jina lake lilitokana na namna alivyoanza kazi. Wezi wengine huanza na mkono. Yeye alianza na huruma.

"Pole sana, mama."

"Pole ya nini, mwanangu? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Umeuziwa mbichi."

Mama akautazama mfuko wake. "Mbichi vipi?"

"Mama yangu, hedifoni ikitoka kiwandani, spika yake ngumu kama kiatu kipya. Ukiivaa hivyo hivyo, besi inakwaruza na sauti nyembamba zinachoma. Sipendi kutisha watu, lakini kuna mzee mmoja alizivaa mbichi. Sasa sikio lake la kushoto linasikia ya juzi."

"Ya juzi!"

"Ukimwamkia leo, anaitika keshokutwa. Wewe niachie mimi mpaka Jumamosi. Nitazipigia muziki mfululizo mpaka zilainike, uje uchukue zilizoiva. Sitaki hata shukrani."

Hapa msomaji anastahili kuambiwa jambo ambalo wateja hawakuambiwa. Chini ya kitanda cha Bwana Pole kulikuwa na sanduku la hedifoni bandia, pacha wa zile nyeusi kwa kila kitu isipokuwa sauti, ambayo ilikuwa ya mtu anayeongea akiwa ndani ya ndoo. Halisi iliingia, bandia ikatoka, na aliyeibiwa akashukuru. Rafuni kwake tayari kulikuwa na halisi tatu: ya kinyozi, ya mhasibu na ya muuza viatu. Ya nne ikipatikana, mwenye studio mmoja ya muziki angekuja Jumamosi kuzibeba zote, na badala yake angemwachia pikipiki nyekundu. Bwana Pole aliipenda pikipiki ile mpaka akaiota, na ndotoni ilimwita mume wangu.

"Sawa," akasema mama. "Twende."

"Twende wapi tena? Wewe kapumzike nyumbani."

"Mwanangu, mimi sijawahi kumwacha mtoto mchanga kwa mtu nisiyemjua. Zinapolala hizi ndipo ninapolala na mimi."

Akatangulia mbele, kana kwamba njia anaijua yeye.

Kwa Bwana Pole kulikuwa na chumba kimoja chenye kiti kimoja. Mama akakikalia, akavua viatu, akavaa hedifoni. "Si umesema zinataka muziki? Basi na ziivie kichwani kwangu." Akafumba macho, akaanza kutikisa mguu.

Usiku ule mwenye chumba alilala kwenye korido juu ya mkeka. Kitandani alilala mgeni, na sanduku la bandia lilikuwa chini ya kitanda, kwa hiyo hata wizi wake ulikuwa umelaliwa. Kumfukuza mama hakuthubutu: wapangaji wote walishamwamkia kwa heshima, na mmoja alikuwa amemletea mtoto amsikilize kifua.

Alijaribu ujanja wote aliozaliwa nao na wa kuazima. Alimwimbia sifa za usingizi wa nyumbani, mama hakusikia. Akamgusa bega. Mama akainua upande mmoja wa hedifoni.

"Unasemaje?"

"Nasema huenda kwako kunawaka moto!"

"Binti yangu yupo. Ndoo pia ipo." Akarudisha hedifoni sikioni.

Ijumaa akaja kinyozi kuchukua zake. Bwana Pole alikuwa ameshatambaa chini ya kitanda asubuhi, mama akiwa bafuni, akachomoa bandia moja na kuifutafuta. Akamkabidhi kinyozi kwa mikono miwili, kwa unyenyekevu mkubwa.

"Hebu," akasema mama kutoka kitini. Akazichukua, akazisikiliza, akakunja uso. "Hizi bado mbichi."

"Mbichi?" Kinyozi alishtuka.

"Kabisa. Sikiliza zangu, halafu usikilize hizo."

Kinyozi akasikiliza hizi, akasikiliza zile. Macho yakamtoka. "Bwana Pole! Mimi nimeleta mwanzo, mbona za mama zimeiva kabla ya zangu?"

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na urefu wa chumba kimoja. Aseme hakuna kuiva? Kazi yake imekufa. Aseme zimeiva? Masikio mawili yamekwisha kumkana. Bwana Pole akacheka kicheko kikavu, akajipiga paji la uso, akasema kazi nyingi humchanganya mtu, kisha akapandisha mkono rafuni na kuteremsha zile halisi.

"Ahaa!" Kinyozi alikuwa anacheza. "Zimeiva!"

Kinyozi ndiye redio ya mtaa. Kabla jua halijazama, mhasibu na muuza viatu walikuwa mlangoni, na kila mmoja alitaka mama amsikilizie kwanza. Mama akasikiliza. Ilipofika jioni, rafu ilikuwa na vumbi tu, na Bwana Pole alikuwa na huzuni ya kweli, ile isiyokuwa ya kazi.

Jumamosi pikipiki ikanguruma nje. Mwenye studio akaingia, akapewa bandia nne zilizopangwa kwa adabu. Akavaa moja. Uso ukamgeuka kama wa mtu aliyeng'ata mchanga.

"Hizi ni nini?"

"Hizo," akasema mama akivaa viatu vyake, "haziivi hata ukizichemsha."

Mwenye studio akaangua kicheko, akaziacha hapo hapo kitandani. Akamuuliza mama anaelekea wapi, na kama hatajali kupanda pikipiki.

Bwana Pole akawakimbilia mpaka getini. "Mama! Niambie ukweli. Ulinijua lini?"

"Pale pale nje ya duka, uliponitajia sikio la juzi."

"Sasa ukaja kufanya nini?"

"Kwangu kuna wajukuu, mwanangu. Hedifoni zinaziba masikio, haziwezi kuziba mlango. Wimbo ukifika patamu, mtu ananivuta gauni. Kwako nimesikiliza nyimbo zangu mpaka mwisho, nimefurahi sana. Chai yako tu ndiyo nyepesi." Akapanda, akajiweka sawa. Kisha sauti yake ikawa nzito. "Na yule kinyozi nilimpokea mimi alipozaliwa. Mama yake alinusurika kwa tundu la sindano. Usingemwibia mbele ya macho yangu."

Akavaa hedifoni zake.

Bwana Pole akashika usukani wa pikipiki nyekundu, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akaanza kusema. Alisema ametubu. Alisema wafungue ofisi, yeye alete ulimi na mama alete masikio, kibao kiandikwe jina la mama kwa juu. Alitaja utoto wake, upweke wake, mkeka wa kwenye korido. Haikuwa na uongo hata kidogo, na kwa sababu hiyo ilikuwa hotuba bora kuliko zote alizowahi kutoa. Wapangaji walisogea kusikiliza, na mwenye nyumba alifuta machozi kwa pindo la kanga.

Mama alimtazama midomo inavyokwenda, akatabasamu, akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa katikati ya wimbo.