Zamu ya Dada

Jumatatu, 4 Agosti
Likizo. Nashinda ofisini kwa Mama, mratibu wa mafunzo ya madaktari wanaosomea upasuaji. Dada ni mmoja wao. Jumamosi asubuhi nasimama kwenye mdahalo wa shule zote, na Dada kapangiwa zamu. Tena! Hajawahi kunisikia hata mara moja. Safari hii atakuja, nimeapa.

Jumanne, 5 Agosti
Nimemwomba Mama abadilishe. Kasema ofisi si jikoni kwetu. Nimemwendea Kiranja, daktari anayewapangia wenzake zamu na kutembea kama kameza rula. Kaniuliza kama nimemaliza kazi za likizo. Ana maringo huyo! Ila limemponyoka jambo: wanaruhusiwa kubadilishana wenyewe, wakikubaliana.

Jumatano, 6 Agosti
Nimezunguka wodini na chupa ya chai. Mama Pacha, daktari mwenzake Dada, atashika zamu yake, mradi mwenzao Kipara ashike ya Mama Pacha ya Ijumaa usiku. Kipara yuko tayari, mradi apatikane wa kushika yake ya Alhamisi. Nani yuko huru Alhamisi? Dada tu. Naye kasema akiongezewa zamu moja zaidi atajilaza mezani apasuliwe yeye. Chai imeisha bure.

Ijumaa, 8 Agosti
Ushindi! Wamekuja wakaguzi wa mafunzo. Mama kanituma kuwamiminia chai, nisifungue mdomo. Mkaguzi mmoja akauliza kama madaktari wanapumzika. Profesa, mkuu wa mafunzo, akajibu kwamba wakichoka huwashikia zamu yeye mwenyewe. Mdomo ukafunguka. Nikamshukuru kwa niaba ya Dada, nikamkumbusha kuwa ni kesho asubuhi. Wakaguzi wakapiga makofi! Profesa akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Mama kanikanyaga mguu.

Jumamosi, 9 Agosti
Tumeshinda! Dada alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, akakaa safu ya mbele. Nilipotamka "Mheshimiwa Mwenyekiti," akafumba macho ili anisikie vizuri. Hakuyafumbua mpaka makofi. Jaji kasema hajaona msikilizaji makini namna ile.

Jumapili, 10 Agosti
Mama kanipiga marufuku ofisini. Dada kanikumbatia, kasema nilikuwa moto wa kuotea mbali. Kisha kauliza mada ilikuwa nini.

Nimeona kosa langu: nilisahau zamu ya usiku wa kuamkia mdahalo. Fainali ni Jumamosi ijayo. Nimekwisha osha chupa ya chai.